Prefe Anatoa Kipa

Daftari la mwisho la Prefe liko kwangu dukani, juu ya rafu ya chumvi, mbali na panya na mbali na wateja wenye mikono ya mafuta. Ukilifungua utakuta michezo thelathini na minane imepigwa mstari mwekundu, kila mmoja mstari wake, umenyooka kwa rula. Mkono uliopiga mistari hiyo ulikuwa wake. Kosa lilikuwa langu. Nalisema hilo mapema ili mnapomsoma mzee huyu mjue nami nilikuwa na nini moyoni nilipokaa karibu naye Jumamosi baada ya Jumamosi.

Kwetu Kongo, prefe ni mkuu wa shule ya sekondari. Yeye alikuwa ameshastaafu tulipoanza kujuana vizuri, lakini cheo hakikumwachia. Mtaa wetu wote wa Mangobo ulimwita Papa Prefe. Hata mkewe alimwita Prefe, na akikasirika alimwita Monsieur le Préfet, hapo ujue chakula cha jioni kitachelewa.

Kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuucheza upya msimu mmoja wa hoki ya barafu. Msicheke. Zamani, Frere mmoja wa Kanada, mtawa aliyefundisha fizikia shuleni kwake alipokuwa anarudi kwao alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na kadi za wachezaji wa timu sita za msimu wa miaka mingi sana iliyopita, dadu mbili, karatasi za sheria ambazo mchwa walikuwa wamekwisha kuzionja, na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani ya bahasha mlikuwa na ukweli: nani alichukua kombe mwaka ule. Prefe hakuifungua. Alitaka kwanza timu zote sita zicheze tena, michezo sabini kila moja, kwa dadu, pale kwenye barza ya nyumba yake, kisha tufungue tuone kama bingwa ni yule yule.

Mchezo mmoja ulikuwa dakika sitini, na kila dakika ilikuwa mtupo mmoja. Unatupa, unasoma, unatazama kadi ya mchezaji mwenye kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira, kadi inakwambia kama amefunga, amekosa au ameangushwa. Mchezo mmoja kila Jumamosi, saa kumi, mvua au jua. Mwanzoni alicheza peke yake na sisi tukidhani amerukwa na akili. Baadaye tukaanza kusimama langoni kumtazama, na kabla mwaka haujaisha kila nyumba ya avenyu yetu ilikuwa na timu. Majina ya kwenye kadi yalitushinda ulimi, kwa hiyo tuliita wachezaji kwa namba na timu kwa rangi. Marehemu papa yangu, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo na Mkatoliki wa kusali misa ya alfajiri, alichagua Bluu kwa sababu ya joho la Bikira Maria. Mama Yanonge, muuza samaki wa kukausha anayekaa ng'ambo ya mtaro, alichagua Wekundu kwa sababu ya mawese. Mimi nilikuwa nawashangilia Bluu kwa ajili ya papa, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri Prefe alinifanya karani. Hakuniita jina tena. Nikawa Secrétaire.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona uwanja wa barafu. Mama Yanonge alikataa katakata kwamba mtu anaweza kukimbia juu yake. Prefe akaenda sokoni, akanunua jiwe la barafu kwa wale wanaohifadhi samaki, akalileta kwa toleka, limefungwa kwa gunia nyuma ya baiskeli. Jua lilikuwa kali na mwenye toleka alisimama njiani kusalimiana na shemeji yake. Kilichofika barzani kilikuwa kidogo kuliko kipande cha sabuni. Prefe hakufadhaika. Alikiweka juu ya sahani, akaweka kifuniko cha chupa ya bia juu yake, akakisukuma kwa ukucha. Kikateleza, kikaanguka ng'ambo.

"Unaona?" akamwambia Mama Yanonge. "Hakuna kitu ya kukishika. Ukikosea kidogo tu, unaenda mbali."

Mama Yanonge alichukua kile kipande akakitia kwenye maji yake ya kunywa.

Prefe alikuwa mtu wa sheria, tena wa sheria ndogondogo, ambazo ndizo zinazokera. Dadu ikianguka chini ya meza haihesabiwi. Ikiegemea kitu haihesabiwi. Na sheria iliyo juu ya zote: dadu haisomwi bila shahidi wa timu ya pili. Akicheza Bluu na Wekundu, mimi na Mama Yanonge tulikuwa lazima tuiname wote wawili juu ya meza, vichwa vikigongana, na kila mmoja aseme namba kwa sauti yake. Ndipo aandike. Tuliyaona ni mambo ya kuchosha. Yeye alitupa mfano wa Wagenia, wavuvi wanaotega samaki kwa vitunga pale maporomokoni.

"Mugenia anapandisha kitunga yake mbele ya batu," alisema. "Kama samaki iko, iko. Kama haiko, haiko. Haingize samaki yake mwenyewe mule ndani. Somea miye dadu vile iko, hapana vile roho yako inataka."

Msemo wake mwingine ulikuwa ule ambao kila mtu anao, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nikiusikia nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Njia yangu ilikuwa na miaka miwili na nusu na bado ilikuwa inaendelea.

Lakini huyo mtu wa sheria alikuwa na mambo yake ya kinyume. Alichukia kelele, akawafukuza vijana wenye redio mlangoni, na goli likiingia alipiga kelele yeye mwenyewe mpaka mbwa wa jirani anaanza kubweka. Hakuwa na timu, alisema mwamuzi hana timu, lakini namba tisa wa Bluu akishika kisahani mguu wake ulianza kutikisika chini ya meza. Alikuwa mkali kwa watu wazima kama pilipili, na mtu akimwambia nimekosa, Papa, aligeuka mpole ghafla hata ukaona haya.

Naye alikosa, tena hadharani. Karatasi ya sheria ilisema kwamba katika dakika ya mwisho, timu iliyozidiwa goli moja inaweza kumtoa kipa wake. Sababu ilikuwa imeliwa na mchwa. Sisi tukajitafutia yetu. Wengine walisema kipa anatolewa kwa aibu ya kufungwa. Mama Yanonge alishikilia kwamba mtu haondoki kazini dakika ya mwisho isipokuwa ameletewa habari ya msiba, na tulipomtoa kipa wa Wekundu mara ya kwanza alipitisha bakuli la mchango wa matanga barza nzima. Michezo kumi na mmoja tulicheza hivyo, kipa anaondoka, goli liko wazi, hakuna anayeingia badala yake, na timu inachapwa vibaya.

Jambo hili lilimnyima Prefe raha. Alikonda. Jumapili moja, katikati ya misa, alisimama kwenye benchi na kuniambia mimi niliyekuwa nyuma yake, kwa mnong'ono uliofika mpaka altareni:

"Secrétaire! Anaingia mushambulizi! Wanatoa kipa juu waongeze mushambulizi wa sita!"

Padri aliacha kusoma. Prefe aliketi. Jumamosi iliyofuata alikwenda nyumba kwa nyumba, amevaa koti, akisema, "Nilikosa. Niliwakosesha nyote." Kisha akapiga mstari mwekundu kwenye dakika za mwisho za michezo yote kumi na mmoja, na tukazirudia. Magoli mawili ya Wekundu yalizaliwa hapo, na Mama Yanonge alipika pondu, mboga ya majani ya muhogo, ya watu wote. Mimi sikuila kwa hamu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu huyu mzee atafanya nini siku akijua langu.

Langu ni hili. Mchezo wa thelathini na moja wa Bluu, dhidi ya Wekundu, dakika ya hamsini na tatu, mabao sawa. Papa yangu alikuwa ameletwa kwenye kiti cha plastiki, amevimba tumbo, macho ya manjano. Ini lilikuwa limemchoka. Ilitoka moja na moja. Moja na moja ni jeraha, na sheria inasema utupe tena: ikirudi moja na moja mara ya pili, mchezaji ameumia mpaka mwisho wa msimu. Mchezaji alikuwa namba tisa. Wakati huo huo mtu wa mtumbwi aliyekuwa amemletea Mama Yanonge samaki kutoka Isangi alimwita langoni, naye akatoka. Shahidi hakuwepo. Tungengoja. Lakini papa alikuwa anatoka jasho, na sote tuliona hatakaa sana. Prefe alimtazama papa, akatazama lango, akaniambia, "Tupa."

Miwani ya Prefe ilikuwa imevunjika wiki ile. Nilitupa. Ilikuwa moja na moja.

"Ngapi?" akauliza.

Papa alikuwa ananitazama. Si dadu alizokuwa anazitazama, ni mimi.

"Tatu na ine," nikasema. "Anarudi."

Dakika ya hamsini na tisa namba tisa alifunga, kwa dadu halali kabisa, na papa yangu alicheka kicheko ambacho sikukisikia tangu mama alipokufa. Alicheka mpaka akakohoa. Siku ya tisa tukamzika. Kwenye matanga Prefe alisimama na kusema marehemu ameondoka na ushindi mkononi, na watu wakapiga makofi. Mimi nililia kuliko wote, na ni nusu tu ya machozi hayo iliyokuwa ya papa.

Ningeweza kujifariji kwamba ni mchezo wa kadi tu. Nilijaribu. Kilichoninyima usingizi ni jambo aliloniambia Mama Prefe, mkewe, siku tukichambua majani ya pondu kwake. Mwaka mmoja wakati mumewe yuko kazini, wakati wa mtihani wa serikali, vituo vingi vya mtihani vilikuwa vimefungua mlango, majibu yanapita kama mikate. Wazazi walikwenda kumsihi na kwake afungue. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mtihani siku zote nne, mikono nyuma. Mtoto wao wa kiume alikuwa ndani ya chumba hicho. Darasa karibu zima lilianguka, na yeye akiwemo. Kijana hakusema neno. Alipanda boti ya mizigo kuteremka mto kutafuta maisha, na boti ikazama kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Juu ya ile njo anacheza," Mama Prefe alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye majani. "Anasema kadi iko ile ile. Kama mara ya pili bingwa ni ule ule, donc ilikuwa lazima ifike vile. Kama ni mwingine, donc ilikuwa dadu tu. Anataka kujua."

"Na akijua?"

"Atalala."

Tangu siku ile, kila nilipoandika goli la namba tisa nilijua naandika uongo juu ya kaburi la mtoto wa mtu. Naye alifunga mno, mwana wa watu! Bluu walipanda kutoka nafasi ya nne mpaka ya pili, kisha wakawashika Wekundu. Ikabaki mchezo mmoja, wa sabini, Bluu na Wekundu, pointi sawa, mshindi ndiye bingwa, na baada yake bahasha.

Wiki ya kuelekea mchezo huo Prefe alirudishwa kutoka hospitali. Moyo. Daktari alimwambia mkewe asipange mambo ya Noeli. Mama Prefe alinieleza hivyo dukani kwangu huku ananunua chumvi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, nami nikampimia nusu kilo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Basi nilikuwa na njia mbili tu. Ninyamaze, afungue bahasha, alale kwa jibu la uongo. Au niseme, nimnyang'anye jibu lenyewe wakati hana muda wa kutafuta jingine.

Jumamosi ilipofika nilipita mara tatu mbele ya lango kabla ya kuingia. Barza ilikuwa imejaa mpaka kwenye mtaro. Prefe alikuwa kwenye kiti chake, amevaa lile koti la kuomba msamaha, limekuwa pana. Bahasha ilikuwa mezani chini ya glasi ya maji. Mama Yanonge alikuwa amejifunga kitenge chekundu na hasemi na mtu. Nilifungua daftari kwenye mchezo wa sabini.

"Secrétaire, tupa," Prefe akasema.

"Papa, niko na neno."

"Kisha mechi."

"Hapana, Papa. Mbele ya mechi."

Akavua miwani. Nikasikia pikipiki za barabara kubwa.

"Ile dadu ya namba tisa, siku papa yangu alikuja. Haikukuwa tatu na ine. Ilikuwa moja na moja."

"Nzambe na ngai!" Mama Yanonge akamwita Mungu wake kwa Kilingala, akashika kichwa.

Mama Prefe alitoka jikoni mbio, mikono ina unga wa muhogo. Sijawahi kutazamwa vile. "Ungesema kesho! Ungesema kisha mechi! Unajua moyo yake iko namna gani, halafu unaleta hii leo?"

Prefe aliinua kiganja. Mkewe akanyamaza lakini hakuondoka.

"Mara ya pili?" akaniuliza. "Moja na moja mara ya pili?"

"Mara ya pili, Papa."

Alitazama zile dadu. Nilimwona anahesabu, alikuwa mwalimu wa hesabu, midomo yake ilikuwa inacheza. Michezo thelathini na minane yote mibovu. Uongeze ule wa thelathini na moja kuanzia dakika ile, na huu wa mwisho. Jumamosi arobaini. Noeli ilikuwa miezi miwili mbele.

"Shahidi hakukuwa," akasema hatimaye. "Ile ni kosa yangu. Niliona papa yako anateseka, nikasema tupa. Kosa ya kwanza iko yangu." Akaisukuma dadu moja kwa ukucha. "Alicheka, ile siku."

"Alicheka, Papa."

"Nilimusikia. Nilifurahi miye pia." Aligeuza miwani mikononi. "Weye ulimudanganyia papa yako neno moja, akacheka. Miye nilikuwa pale kwa mulango siku ine. Nilikuwa namuona mutoto yangu vile anatoka jasho. Neno moja tu. Sikuweza."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja mwanawe mbele ya watu. Mama Prefe aliketi sakafuni pale pale, na unga wake mikononi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha. Nilitaka anitukane, anifukuze, aniite mwongo mbele ya avenyu. Ningelala vizuri zaidi.

Badala yake aliomba rula na kalamu nyekundu. Nilimpa. Akaanza na mchezo wa thelathini na mbili.

"Prefe," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Docteur alikuambia nini? Arobaini! Fungua bahasha, uone, tumalize. Nakuomba."

Hakuinua kichwa. Alipiga mstari, akafungua ukurasa, akapiga mstari. "Dakika iko ngapi?" akamuuliza.

"Dakika gani?"

"Kwangu. Iko dakika ngapi?"

Mama Yanonge ndiye aliyejibu, yule aliyewahi kumpitishia kipa bakuli la matanga.

"Ya mwisho, Papa."

"Na tunazidiwa?"

"Goli moja."

"Bon. Donc tunatoa kipa."

Alimpa mkewe bahasha akairudishe sandukuni ikiwa imefungwa vile vile, na mkewe, baada ya kukaa kidogo na kujifuta unga, akaipokea. Bado anayo. Prefe alifika mpaka Jumamosi ya kumi na nne. Zilizobaki tunazicheza wenyewe, saa kumi, barza ile ile, na nikimaliza nitawaambia au sitawaambia, nitaona.

Lakini siku ile alipiga mistari yote thelathini na minane, akipumzika mara mbili. Kisha alichomoa kadi ya namba tisa katika kadi za Bluu, akailaza uso chini kando ya glasi, ameumia mpaka mwisho wa msimu. Mguu wake ulitikisika kidogo chini ya meza, ukatulia.

"Muchezo wa makumi tatu na moja. Dakika ya makumi tano na ine. Mama Yanonge, karibia, leo hapana kutoka hata kama samaki inakuja yenyewe na miguu. Secrétaire, tupa."

Nikatupa. Dadu moja ilizunguka sana, ikagonga kalamu, ikarudi katikati ya meza, ikasimama. Niliinama, Mama Yanonge akainama, vichwa vikagongana.

"Mbili na moja," nikasema.

"Mbili na moja," Mama Yanonge akasema.

Prefe akaandika.